Mizani Haisemi Kama Mtoto Anakaa



Siku ya kliniki unampeleka mtoto wako kupimwa uzito. Kama unakaa Babati mjini, pengine unakwenda kwa miguu. Kama unatoka Magugu au Dareda, safari ni ndefu zaidi. Mtoto anatundikwa kwenye mizani. Muuguzi anaandika katika kadi. Uzito umepanda. Unafurahi na kurudi nyumbani.

Kupima uzito ni jambo zuri. Lakini mizani haisemi kama mtoto anakaa. Haisemi kama anaweza kushika gunzi la hindi kwa mikono yote miwili. Mtoto anaweza kuwa mnono, na miezi kumi ikapita hajakaa. Kadi ni nzuri, lakini mtoto ana shida. Muuguzi ana watoto wengi siku hiyo. Usiposema wewe, nani atasema?

Wazazi wengi hawasemi. Wengine wanaona aibu. Wengine wanaambiwa na wazee, "Ngojeni, hata baba yake alichelewa." Na wako wanaosema mtoto amerogwa. Basi mtoto anafichwa ndani, na miezi inapita.

Neno la wazee lina ukweli kidogo. Watoto hawafanani. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya kutazama watoto wenye afya katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wako waliokaa bila kushikwa wakiwa na miezi 4. Wengine walifika miezi 9. Wako waliotembea peke yao wakiwa na miezi 9, na wengine walipokaribia miezi 18. Wachache hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, lakini walitembea. Wote hao walikuwa wazima.

Kwa hiyo usimpime mtoto wako kwa mtoto wa jirani. Tazama miezi. Akipita miezi 9 bila kukaa mwenyewe, apimwe. Akifika mwaka 1 na nusu hajatembea, apimwe. Kama alizaliwa miezi 2 kabla ya wakati wake, punguza miezi hiyo 2 unapohesabu umri.

Lakini yako mambo ambayo hayangoji miezi kutimia. Mtoto amelegea kama kitambaa, au amekakamaa na miguu yake inapishana kama mkasi. Hajafika mwaka 1, naye anatumia mkono mmoja tu, mwingine ameukunja ngumi. Au alikuwa anakaa, sasa hawezi tena. Huyu wa mwisho mpeleke upesi sana. Mtoto akipoteza jambo alilokwisha kuliweza, hiyo ni dalili mbaya.

Je, mtoto anapimwaje viungo? Usiogope. Hachomwi sindano. Ukitazama utadhani watu wanacheza tu. Anayepima humlaza mtoto chali juu ya mkeka. Humshika mikono na kumvuta taratibu akae. Je, kichwa kinafuata, au kinabaki nyuma? Humlaza kifudifudi aone kama anainua kifua. Huweka kitu kidogo mbele yake. Je, anakichota kwa kiganja chote, au anakiokota kwa vidole viwili? Mtoto mkubwa zaidi ataambiwa aruke, asimame kwa mguu mmoja, apige mpira. Mpimaji pia atakuuliza wewe. Mtoto alilia mara tu alipozaliwa? Aliwahi kuugua malaria kali au homa ya uti wa mgongo? Jibu kwa kweli. Hakuna anayekushtaki.

Zamani vipimo vingi vilitungwa Ulaya na Marekani. Vilitaka mtoto afanye mambo ambayo mtoto wa kijijini hajayaona, kama kupanda ngazi za nyumba. Mtoto mzima akaonekana mjinga! Wenzetu wa Malawi wakasaidia kurekebisha jambo hilo. Mwaka 2010 kilitangazwa kipimo kilichojaribiwa kwa watoto 1,426 wa huko. Kina mambo 136 ya kutazama: mwili, vidole, maneno, na kuishi na watu. Hapa mkoani Manyara kipimo hicho kimetumika kwa watoto wanaokaa karibu na Haydom, wilaya ya Mbulu, waliozaliwa mwaka 2017 na 2018.

Kupimwa peke yake si dawa. Lakini kunaonyesha njia. Nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa hunyooshwa kwa plasta, na ni rahisi zaidi mtoto akiwa mchanga. Mtindio wa ubongo hauponi, ila mazoezi humsaidia mtoto kukaa, kula na kushika vitu. Mazoezi mengine unayafanya nyumbani bila gharama. Kwa mfano, mtoto ambaye miguu yake inapishana, mbebe ubavuni au mgongoni miguu ikiwa imetanuliwa. Usimbebe miguu ikiwa imebanwa pamoja.

Anza kwenye zahanati yako. Mwambie mganga, "Mtoto wangu hakai," kisha omba barua ya kwenda hospitali. Chukua kadi ya kliniki. Mlishe mtoto kwanza na umwache alale vya kutosha, maana mwenye njaa au usingizi hachezi, naye mpimaji atadhani hawezi. Baba, nenda nawe ukaone mazoezi yanavyofanywa. Mama hawezi kuyafanya peke yake kila siku, huku ana shamba, maji na kuni.