Je, Wajua? Bunduki, Mgambo na Katiba

JE, WAJUA kwamba ubishi wote wa Wamarekani kuhusu bunduki umeshikilia sentensi moja ya maneno 27? Ni Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791. Inaanza na mgambo, inaishia kwenye haki ya wananchi kuwa na silaha. Haki hiyo ni ya mgambo au ya kila mtu? Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, majaji wa Mahakama yao ya Juu, 5 dhidi ya 4, waliamua: ni ya kila mtu.

…kwamba Katiba ya Tanzania ya 1977 haina haki kama hiyo? Ibara ya 147 inamkataza mtu au kikundi chochote kuunda jeshi. Hiyo ni kazi ya Serikali peke yake.

…kwamba zamani neno mgambo lilimaanisha wito kwa watu wote? Ndiyo maana mbiu yake ikilia, ina jambo.

…kwamba mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo, na rugaruga, askari wake wenye bunduki, aliifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji? Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, aliungana na Waarabu wa Tabora kumpiga, wakashindwa. Ilimbidi azungukie kusini ndipo amfikie Livingstone.

…kwamba mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria bunduki 80,000 hadi 100,000 zikipitia kisiwani humo kila mwaka?

…kwamba Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana biashara ya bunduki barani Afrika kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya ikweta? Tabora, kwenye digrii 5 kusini, ilikuwa ndani. Bunduki za kisasa zikazuiwa. Gobore la jiwe na baruti ya kawaida vikaachiwa mlango.

…kwamba Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake, Mtemi Isike wa Unyanyembe aliilipua ghala yake ya baruti akiwa ndani?

…kwamba miaka ya mwanzo ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Unyamwezini na Usukumani, wanakijiji walianzisha sungusungu? Wezi wengine walikuwa na bunduki. Sungusungu walishika upinde na mishale. Mwaka 1989 sheria ikawatambua.

…kwamba risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kinachoua?

…kwamba gobore la babu, hata likiwa na kutu darini, bado ni silaha? Kumiliki bunduki hapa Tanzania si haki ya kuzaliwa nayo, ni kibali, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015 inataka leseni. Ndugu msomaji wa Ziba, kama lipo kwako bila karatasi, nenda kituo cha polisi ukaulize utaratibu wa kulisalimisha, kabla hawajalifuata wao.