Chatu Anapommeza Nungu



Wako watoto wetu waliozaliwa hapa Toronto ambao wamemjua nungu wa misitu ya Ontario kabla ya kumjua yule wa kwetu. Tukiwaambia kwamba Afrika yuko nyoka amezaye mnyama mwenye miiba kama huyo, hudhani ni ngano. Si ngano. Nyoka huyo ni chatu.

Kwanza tuondoe dhana mbili. Nungu harushi miiba kama mishale, awe wa Ontario au wa Afrika. Huisimamisha, kisha humwendea adui kinyumenyume amchome. Wala chatu hamvuti mnyama kwa pumzi, kama tulivyosimuliwa utotoni. Hujilaza kimya akivizia, na vishimo vilivyo katika midomo yake humwezesha kuhisi joto la mwili hata gizani. Mnyama akikaribia, humwuma ghafla na kumzonga.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba aliyezongwa hufa kwa kukosa pumzi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo cha Dickinson, Marekani, waliwapima panya waliozongwa na nyoka aina ya boa, wakaona kuwa mzunguko wa damu huharibika katika muda wa sekunde tu.

Kisha chatu huanza kumeza, naye huanzia kichwani. Miiba ya nungu imeelekea mkiani, hivyo hulala kadiri mnyama anavyozidi kuingia. Taya la chini la nyoka ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa kano inayonyumbuka, na meno yamepinda kuelekea kooni. Upande mmoja hushikilia, wa pili husogea mbele.

Basi hatari kubwa iko wapi? Iko katika kutapika. Chatu aliyeshiba akibughudhiwa, aghalabu hutoa alichomeza ili apate wepesi wa kukimbia. Hapo miiba iliyolala huja kinyume na kumchoma kwa ndani.

Mwezi wa Juni 2015, katika hifadhi ya Lake Eland huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, alionekana chatu mwenye tumbo lililofura, na watu wengi wakaenda kumtazama. Siku chache baadaye alikutwa amekufa chini ya mwamba. Urefu wake ulikuwa mita 3.9, na tumboni mlikuwa na nungu wa kilo 13.8. Baadhi ya miiba ilikuwa imetoboa njia ya chakula. Wahifadhi hawakuweza kuthibitisha kama aliuawa na miiba au kwa kuanguka.

Wazee husema, tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini chatu hali kwa tamaa. Mlo mmoja mkubwa waweza kumtosha kwa miezi. Kwa hiyo, ndugu mzazi, mkienda likizo nyumbani na watoto wakamwona chatu aliyeshiba, wafundishe kupita mbali, bila jiwe wala fimbo. Watakuwa wameokoa maisha yao na yake pia.