Herufi Moja Inayogeuza Shukrani Kuwa Lawama

Mwaka jana niliandika barua ya Kiingereza kumshukuru mfadhili. Niliandika "we received little help", nikidhani nasema tulipata msaada kidogo. Mlezi aliyeisoma kabla haijatumwa alinirudishia akicheka: nilikuwa nalalamika kwamba hatukusaidiwa vya kutosha.

Kiswahili ndicho kilichoniponza. "Kidogo" hubeba maana zote mbili, na muktadha ndio unaoamua. Kiingereza kimeiweka tofauti hiyo kwenye herufi moja. "A little help" ni msaada kiasi: upo, na unashukuriwa. "Little help" ni karibu na hakuna.

Kwa vinavyohesabika ni vivyo hivyo. "A few students came": wamekuja wachache, kipindi kianze. "Few students came": mwalimu amesikitika. Idadi yaweza kuwa ileile, watano na watano. Kinachobadilika ni jinsi msemaji anavyowatazama. Somo la mantiki halisaidii sana hapa, maana huko "baadhi" ni angalau mmoja, basi.

Ukitanguliza "only", hata "a few" hurudi kwenye masikitiko: "only a few came", walikuja wachache tu.