Amri Moja kwa Kompaila Mbili (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza kwamba kompaila ndiyo programu inayogeuza maandishi ya mtunzi yakawa kitu ambacho kompyuta yaweza kukitenda. Leo, inshallah, tutazame hitilafu inayoweza kumpata kijana wa Kasongo au Kabambare aletewapo kwa flashi programu iliyotungwa kwenye Linux, ilhali kompyuta aliyo nayo ni ya Windows.

GCC, aliyoitoa Richard Stallman mwaka 1987, hupewa maagizo kwa alama fupi fupi: -o hutangulia jina la faili litakalozaliwa, -L huonyesha folda ya maktaba, -l huitaja maktaba yenyewe. Kompaila ya Microsoft, iitwayo cl, ina desturi zake. Kuyaandika upya maagizo yote ya programu kubwa ni taabu isiyo na ujira, ndiyo maana mafundi huweka skripti ndogo katikati, ikapokea maagizo ya GCC na kuyakabidhi kwa cl katika sura inayoijua.

Iliyo mashuhuri ni ile iitwayo compile, ya Automake, zana ya kuandaa ujenzi wa programu, aliyoiandika Tom Tromey mwaka 1999 kwa haja nyingine kabisa, yaani kuzihudumia kompaila zisizokubali -c, alama ya kuishia kwenye faili la kati, na -o kwa pamoja; habari za cl ziliongezwa baadaye. Ikikuta -o, hutazama kwanza mwisho wa jina linalofuata: likiishia .o au .obj huandika -Fo, na likiwa jingine huandika -Fe, maadamu cl hutenga faili la kati na programu iliyokamilika.

Si kila alama hugeuzwa hivyo; walakini ile inayokataliwa na cl si ya kuogopwa. Ukiipa cl -fPIC, alama ya GCC, itasema haiitambui, itaiacha, na kazi itaendelea. Ya kuhofiwa ni -Wall, inayokubaliwa pande zote mbili: kwa GCC huleta maonyo yenye manufaa, wala si yote; kwa cl huleta yote kwelikweli, hata ya mafaili ya Microsoft yenyewe, mpaka onyo la maana likazama humo. Ni mchele ulionunuliwa Kabambare kwa bakuli ukauzwa Kasongo kwa bakuli, bila mtu kuuliza ujazo. Skripti ya compile huipitisha -Wall bila kuigusa, na kwa rai yangu hapo imepungukiwa. Aula ni kuiweka -W3 au -W4, ngazi za maonyo za cl, mahali pake.

Kuiendesha skripti hiyo kwenye Windows sharti uwe na mazingira yanayoelewa skripti za shell, kama MSYS au Cygwin, bali kuisoma hakuhitaji hata intaneti, kwa kuwa ni maandishi matupu. Ifungueni, wasomaji, mtafute palipoandikwa -Wl, maana hapo ndipo itakapoanzia sehemu ya tatu.