Mbolea ya Ruzuku Ina Msimu Wake

Ruzuku ya mbolea haimfikii mkulima wa Bahati, kaunti ya Nakuru, kama pesa mkononi. Inamfikia kama ujumbe kwenye simu: una haki ya mifuko kadhaa, lipa sehemu yako, nenda ukachukue. Serikali ya kitaifa inabeba tofauti ya bei. Mpango ulipozinduliwa Septemba 2022, mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa madukani kwa zaidi ya shilingi 6,000 ulishuka hadi 3,500. Agosti 2023 ukashuka tena hadi 2,500. Hiyo ni nafuu ya kweli, hasa kwa mtu anayenunua mbolea kwa pesa za maziwa.

Kupata ujumbe huo sharti uwe umeandikishwa, kazi iliyofanywa mashinani kwa msaada wa machifu na manaibu wao: kitambulisho, ukubwa wa shamba, mazao, laini ya simu. Kwenye laini ndipo watu hukwama. Nyanya wa Kabatini asiye na simu huandikisha ya mwanawe. Mwana akiwa Nairobi, ujumbe nao unaingia Nairobi.

Ila jambo linaloniuma zaidi ni kalenda. Fosforasi haitembei udongoni, hukaa pale ilipowekwa. Ndiyo sababu DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, hutiwa shimoni pamoja na mbegu, mizizi michanga iikute. Ukiimwaga juu ya udongo wiki tatu baadaye, mizizi haiifikii, na utaona majani ya mahindi machanga yakigeuka zambarau. CAN, mbolea ya kukuzia, ni tofauti. Nitrojeni yake huteremka na maji ya mvua, kwa hivyo mahindi yakikufika magotini bado hujachelewa. Basi DAP ya shilingi 2,500 inayofika ghalani baada ya watu kupanda haina nafuu yoyote kwa msimu huo. Mkulima ameshakopa akanunua dukani kwa bei kamili, au amepanda bila kitu. Kule Dundori pigo ni kubwa zaidi, maana viazi hutaka kama mifuko minne ya DAP kwa ekari.

Halafu kuna safari. Mwenye nusu ekari ya mahindi hahitaji zaidi ya mfuko mmoja. Akishuka hadi ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao mjini Nakuru, atalipa nauli yake, nauli ya mfuko, bodaboda ya kumfikisha nyumbani, na siku nzima ya kibarua imekwenda. Mwenye ekari kumi hukodi gari moja na gharama ikagawanyika kwa mifuko yote. Bei iliyoandikwa ni moja, lakini mdogo analipa zaidi kwa kila kilo. Naamini maghala ya vyama vya ushirika vijijini yangejazwa kufikia Februari, kabla ya kupanda, sehemu kubwa ya tatizo hili ingekwisha bila kuongeza ruzuku hata shilingi.

Na hata ikifika kwa wakati, si lazima iwe halisi: mwaka 2024 mbolea bandia iliuzwa ndani ya mpango huu huu. Hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, ilipita Bungeni, kisha kamati maalumu ikamwondolea lawama mwezi Mei. Wakulima waliahidiwa fidia, lakini mfuko wa fidia hauwezi kuingia tena chini ya mbegu iliyokwisha kuota. Kwa hiyo tunza risiti, piga picha lebo kabla ya kufungua mfuko, na ubakishe konzi moja ya mbolea ndani ya mfuko wake mpaka mahindi yashike rangi. Mkaguzi akija, utakuwa na sampuli ya kumpa.