Gari Likiwa Nyumba, Umeme Utoke Wapi?

Gari linapogeuzwa kuwa makazi ya siku tatu au nne, jambo linaloisumbua familia aghalabu si mafuta wala matairi, bali ni umeme. Mama ataka maziwa ya mtoto yakae baridi, vijana wataka kuchaji simu zao, na baba ataka taa wakati wa chakula cha jioni. Wote wanachota katika mtungi mmoja, na ni nadra kumpata aliyeuliza ni nani anayeujaza.

Huko Marekani wako watu waishio mwaka mzima ndani ya magari yenye vitanda, jiko na choo. Kwetu gari la kulala ni zaidi lile la safari, lenye hema juu ya paa na jokofu dogo nyuma, ambalo familia au kikundi cha wafanyakazi hulikodi kwenda mbugani. Ukubwa ni tofauti, lakini hesabu ya umeme ni ile ile.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba betri ya kuwashia injini si ghala. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe upesi na dainamo. Bamba zake za risasi ni nyembamba, nazo huharibika zikinyonywa polepole usiku kucha. Chukua jokofu la wati 45. Likiwa linafanya kazi hula kiasi cha ampea 4, na kwa kuwa katika joto letu hufanya kazi karibu nusu ya muda, wastani wake ni ampea 2 kwa saa. Gari likizimwa saa kumi na mbili jioni, kufikia saa kumi na mbili alfajiri jokofu peke yake limekwisha kunywa ampea-saa 24. Ongeza taa na redio, na kama betri imezeeka, asubuhi ufunguo utalia “tik” na injini itanyamaza.

Mjini hilo ni jambo la kuita jirani mwenye waya za kushtulia. Lakini kambi za umma za Seronera, katika Hifadhi ya Serengeti, hazina uzio, na fisi na simba hupita watakapo. Hapo si mahali pa kuwashusha watoto wasukume gari. Na gari la gia za kujiendesha halisukumiki likawaka hata kama mko kumi.

Dawa yake ni betri ya pili, ya kuhudumia nyumba tu, na baina ya hizo mbili kiwekwe kitenganishi. Injini ikiwaka, kitenganishi huziunganisha ili dainamo izijaze zote. Injini ikizimwa, huziachanisha. Fundi atakayekuwekea aulizwe pia juu ya fyuzi, nayo ikae karibu sana na betri yenyewe. Waya mnene usio na fyuzi, ukisuguana na bodi ya gari hadi ngozi yake ichubuke, waweza kuliunguza gari zima.

Hata betri hiyo ya pili haitoi vyote vilivyoandikwa juu yake. Ile ya risasi ya ampea-saa 100 hupendeza itumike nusu tu, yaani 50, ikiwa wataka idumu. Betri za lithiamu zinazouzwa siku hizi huvumilia kutumiwa asilimia 80 au zaidi, ila bei yake huwashtua wengi. Kwa hiyo jokofu letu, linalokula karibu 48 kwa siku nzima, humaliza fungu lote la betri ya risasi pasipo taa hata moja kuwashwa.

Wengi hukimbilia jua, na kwa hakika nchi yetu haina uhaba wake. Paneli ya wati 100 iliyolala juu ya paa, siku ya jua zuri, yaweza kurudisha kiasi cha ampea-saa 30. Haitoshi hata kwa jokofu, ziwekwe mbili. Tena kuna ugomvi ambao wauzaji hawautaji: familia hutafuta kivuli cha mti, na paneli yataka jua kali. Kivuli cha tawi moja likiangukia kona ya paneli huweza kupunguza umeme wake mno. Mwenye busara hununua paneli ya kubebeka yenye waya mrefu, gari likakaa kivulini na paneli ikaanikwa uwanjani kama mkeka wa mpunga.

Na birika la umeme? Liachwe nyumbani. Birika la wati 2000, likipitishwa katika inveta, hudai zaidi ya ampea 170 kutoka kwa betri ya volti 12. Dakika kumi za kuchemsha maji ya chai humeza karibu ampea-saa 30, sawa na mavuno ya paneli moja kwa siku nzima. Gesi itafanya kazi hiyo bila kunung’unika.

Penye nguzo za umeme, gari laweza kuchomekwa ukutani. Angalizo ni kwamba magari yaliyotengenezwa Marekani hutumia volti 120, na ukutani kwetu ziko 230. Vyombo vyake vitaungua mara moja.

Jenereta nayo imewaua watu usingizini. Moshi wake una hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Kamwe isiwashwe ndani ya gari, chini ya dirisha wala kando ya hema, na jiko la mkaa lisiingizwe hemani hata mvua ikinyesha. Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, msidhani ni uchovu wa safari au malaria: mtoeni nje kwenye hewa safi kwanza, kisha atafutiwe daktari.

Kipimo cha volti ni kidogo na bei yake si kubwa. Kitumike alfajiri, kabla jua halijapiga paneli, vyombo vyote vikiwa vimezimwa kwa muda. Betri ya risasi iliyojaa husoma kama 12.7, ikisoma 12.1 imebaki karibu nusu, na jokofu lizimwe hadi injini iwashwe. Kwa lithiamu kipimo hicho hudanganya, maana volti zake hubaki karibu pale pale hadi inapokaribia kwisha; hiyo yataka mita inayohesabu kilichoingia na kilichotoka.