Bustani ijiendeshe bila kumtoza mtoto

Saa kumi jioni Manzese, watoto waliotoka shule hupanga mawe mawili kichochoroni yakawa goli. Bodaboda ikipita, mchezo unasimama. Nyumba zimebanana, na kiwanja kinachobaki wazi hugeuka gereji au maegesho.

Kwa afya, hilo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 kila siku za kukimbia, kuruka au kucheza mpira. Asiye na pa kukimbilia huishia kwenye televisheni na simu.

Kupata eneo ni hatua ya kwanza tu. Baada ya hapo kuna mlinzi, maji, choo, taa na mfagiaji, na wote hao wanahitaji fedha kila mwezi. Bustani ya vijana ya Kidongo Chekundu, iliyofunguliwa mwaka 2015, ilijengwa kwa msaada wa kampuni ya Symbion Power na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Lakini si kila mtaa utampata mfadhili wa namna hiyo.

Nairobi walipata njia nyingine. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, ulipiganiwa na Wangari Maathai na wenzake mwaka 1999 usigawiwe wajenzi. Hata baada ya hapo, watu waliogopa kuingia kwa sababu ya uhalifu. Wakazi waliunda kikundi cha marafiki wa msitu, wakashirikiana na Huduma ya Misitu Kenya kuweka uzio na walinzi. Kiingilio, baiskeli za kukodi na matukio vikaleta fedha, na familia zikarudi.

Manzese, kiingilio kingemfungia nje mtoto anayeihitaji zaidi bustani. Mzazi mwenye watoto wanne atachagua unga kwanza. Afadhali walipe wanaoingiza kipato au wanaofanya sherehe: kibanda cha juisi, maharusi wanaopiga picha, timu za watu wazima zinazokodi uwanja usiku, kampuni inayotangaza ukutani. Jioni, hadi saa kumi na mbili, mtoto aingie bure.

Na mapato yabandikwe kwenye ubao kila mwezi, kila mkazi ayaone. Mzazi, mkutano wa mtaa ukiitishwa, usimwachie jirani. Nenda ukaulize: kiwanja chetu kiko wapi, na nani atakitunza?